Vidonge vya antioksidanti, uzee na urefu wa maisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rafu za maduka ya dawa mjini zimejaa vikopo vinavyoahidi ngozi changa, moyo imara na umri mrefu: vitamini C ya miligramu 1000, vitamini E, beta karotini (ile rangi ya chungwa ya karoti na embe), seleniamu, chai ya kijani iliyokamuliwa ikawa vidonge, glutathioni. Wengi wanaovinunua ni wastaafu wanaojibana ili wapate kopo la mwezi, au wana walioko ng'ambo wanaowatumia wazazi wao kwa mapenzi. Wanastahili kuelezwa waziwazi kilichopatikana katika miaka zaidi ya 60 ya utafiti. Majibu haya yanahusu vidonge. Chakula ni habari nyingine, nayo tutaifikia.

Antioksidanti ni kitu gani?

Seli zinapotumia oksijeni kuchoma chakula, kiasi kidogo cha oksijeni hiyo hugeuka kuwa molekuli kali ziitwazo radikali huru, pamoja na jamaa zake kama peroksidi ya hidrojeni. Molekuli hizi zikigusa mafuta ya utando wa seli, protini au DNA, huviharibu. Kitu chochote kinachozizima kabla hazijaleta madhara ni antioksidanti.

Vitamini C, vitamini E na beta karotini twazipata kwenye chakula. Ila sehemu kubwa ya ulinzi hutoka ndani: kila seli hutengeneza vimeng'enya vyake, kama superoksidi dismutasi na katalasi, na huviongeza au kuvipunguza kulingana na haja. Seleniamu, inayouzwa kama antioksidanti, haifanyi kazi hiyo yenyewe; ni malighafi ya baadhi ya vimeng'enya hivyo, na seli zikishapata ya kutosha, nyongeza haina pa kwenda. Wauzaji hawaligusi jambo hili, na ndilo linaloeleza mengi yatakayofuata.

Nani aliyesema zinachelewesha uzee?

Denham Harman, Mmarekani aliyefanya kazi ya ukemia katika kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya kusomea udaktari. Mwaka 1956 alichapisha makala akidai kwamba kuzeeka ni madhara ya radikali huru yanayolimbikizana mwilini mwaka hadi mwaka. Miaka miwili kabla yake, Rebeca Gerschman kutoka Argentina na wenzake walikuwa wameeleza kwamba sumu ya oksijeni na majeraha ya mionzi hupitia njia moja, ya radikali hizo hizo. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke wakaeleza kazi ya superoksidi dismutasi, na hapo dhana ya Harman ikapata miguu. Kama seli ina kimeng'enya maalumu cha kuzizima molekuli hizi, basi adui yupo kweli.

Wazo hili lilienea haraka kwa sababu kila mtu alilielewa. Bati la nyumba ya pwani huliwa na kutu kwa ajili ya oksijeni, mwili nao unaliwa vivyo hivyo, basi upake rangi. Kasoro yake ni kwamba bati halijikarabati, na mwili hujikarabati usiku na mchana. Kisha akaja Linus Pauling, mshindi wa Tuzo ya Nobel mara mbili, ambaye kuanzia 1970 aliihubiri vitamini C ya dozi kubwa, na jina lake likauza vikopo kuliko ushahidi wowote wa maabara.

Harman mwenyewe hakuficha alichokiona kwa panya wake: baadhi ya kemikali alizowalisha ziliongeza wastani wa umri wao, lakini umri wa juu kabisa haukusogea.

Mbona Harman aliishi miaka 98 na Pauling 93?

Waliishi hivyo, na wapo wengi waliofika umri huo bila kumeza kidonge hata kimoja. Maisha ya mtu mmoja hayawezi kututenganishia kazi ya kidonge na kazi ya damu ya ukoo, kipato, elimu na kutovuta sigara. Pauling alifariki kwa saratani ya tezi dume, na saratani ni miongoni mwa magonjwa aliyoshikilia kwamba vitamini C ingeyapunguza. Hilo nalo halithibitishi chochote, kwa sababu ile ile.

Kwa ufupi, vidonge hivi vinarefusha maisha ya binadamu?

Hapana. Hakuna jaribio kubwa lililowahi kuonyesha kwamba mtu anayekula vizuri akimeza antioksidanti anaishi muda mrefu zaidi.

Mwaka 2007 Goran Bjelakovic na Christian Gluud wa Copenhagen, pamoja na wenzao, walikusanya majaribio 68 yenye washiriki 232,606. Walipoyachambua yale 47 yaliyoendeshwa kwa uangalifu zaidi, yenye watu 180,938, waliotumia antioksidanti walikuwa wamekufa zaidi kwa asilimia 5 kuliko wasiotumia. Beta karotini iliongeza vifo kwa asilimia 7, vitamini A kwa 16, vitamini E kwa 4. Vitamini C na seleniamu hazikuongeza wala kupunguza. Uchambuzi wao wa 2012, uliofikisha majaribio 78 na watu 296,707, uliishia pale pale.

Asilimia 5 si maangamizi, na aliyemeza kopo moja hana sababu ya kuingiwa na hofu. Lakini uliahidiwa kuongezewa miaka. Bidhaa isiyoongeza, na pengine inayopunguza, haina haki ya kuuzwa kwa ahadi hiyo.

Nimesikia beta karotini huleta saratani ya mapafu. Ni kweli?

Kwa mvutaji wa sigara, ni kweli. Hiki ndicho kisa ambacho kila mtu anayepanga kununua vidonge hivi angepaswa kukijua.

Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba watu wenye beta karotini nyingi kwenye damu hupata saratani ya mapafu mara chache. Ikaonekana dhahiri: wape wavutaji beta karotini, uokoe maelfu. Finland ilianzisha jaribio la wanaume 29,133, wavutaji wote, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Waligawanywa kwa kura: wengine beta karotini ya miligramu 20 kwa siku, wengine vitamini E ya miligramu 50, wengine vyote viwili, wengine kidonge bandia. Walifuatwa kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka 1994: waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, na vifo vyao kwa jumla viliongezeka kwa asilimia 8. Wale wa vitamini E hawakupata nafuu ya maana kwenye mapafu, na vifo vya kiharusi cha kuvuja damu viliongezeka kwao.

Wengi hawakuamini. Wakati huo Marekani ilikuwa na jaribio lake lililoitwa CARET, la watu 18,314: wavutaji, walioacha kuvuta, na wanaume waliofanya kazi kwenye asbesto. Walikuwa wakipewa beta karotini miligramu 30 pamoja na vitamini A yuniti 25,000 kila siku. Januari 1996 jaribio lilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17.

Ilikuwaje basi dalili ya kwanza ipotoshe kiasi hicho? Mtu mwenye beta karotini nyingi kwenye damu ni mtu anayekula mboga na matunda, asiyevuta sana, asiyelewa sana. Beta karotini ilikuwa alama ya maisha yake, watu wakaidhania kuwa chanzo cha afya yake. Tena ndani ya pafu lililojaa moshi, beta karotini ya dozi kubwa yenyewe huvunjwavunjwa na moshi huo ikazaa kemikali zinazochokoza seli. Kilichoingia kama mlinzi kikageuka.

Unavuta sigara, au uliwahi kuvuta kwa miaka mingi? Geuza kila kopo la vitamini ulilonalo usome maandishi ya nyuma. Ukiona beta karotini kwa miligramu nyingi, liweke kando leo.

Mimi sivuti. Basi niko salama?

Hatari kwako ni ndogo zaidi, lakini faida haijaonekana. Madaktari wanaume 22,071 wa Marekani walishiriki jaribio la beta karotini miligramu 50 kila baada ya siku moja, kwa takriban miaka 12, wengi wao wakiwa hawavuti. Hawakudhurika, hawakunufaika. Wanawake 39,876 walishiriki jaribio la vitamini E kwa karibu miaka 10. Vifo kwa jumla havikupungua.

Kisha kuna jaribio la SELECT, lililoanza 2001 kwa wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Lilitaka kujua kama seleniamu na vitamini E ya yuniti 400 vinazuia saratani ya tezi dume. Vidonge vilisimamishwa 2008 kwa kukosa faida. Walioendelea kufuatwa walitoa habari mbaya zaidi mwaka 2011: waliokuwa wamepewa vitamini E peke yake walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 17. Yuniti 400 si dozi ya ajabu, ni ile ile iliyoandikwa kwenye vikopo vingi vya vitamini E vinavyouzwa kwetu. Baba mwenye miaka 60 anayemeza vitamini E "kwa ajili ya tezi dume" anafanya kinyume cha anachokusudia.

Jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa la Marekani, katika mwongozo wa 2022, linapendekeza watu wasitumie beta karotini wala vitamini E kwa ajili ya kuzuia saratani au magonjwa ya moyo.

Inakuwaje kitu kilicho kizuri kwenye embe kiwe na shida kwenye kidonge?

Kwanza, embe halina beta karotini peke yake. Lina nyuzinyuzi, potasiamu, vitamini C, na mamia ya kemikali nyingine kwa vipimo vidogo, na huliwa badala ya kitu kingine, pengine andazi au soda. Kidonge huingiza kitu kimoja kwa kipimo ambacho chakula hakiwezi kukufikishia.

Pili, na hili ndilo zito, radikali huru si takataka tupu. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili kuua bakteria. Watoto wanaozaliwa na kasoro inayozuia chembe hizo kuzitengeneza huandamwa na maambukizi makali tangu utotoni. Seli pia huzitumia kama ishara. Unapokimbia au kulima, misuli hutoa radikali huru kwa wingi, na ishara hiyo ndiyo huiambia iongeze vimeng'enya vya ulinzi na ipokee insulini vizuri zaidi.

Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani walilipima hilo. Mwaka 2009 walichapisha jaribio la vijana wa kiume wapatao 40 waliofanya mazoezi kwa majuma manne. Nusu yao walimeza vitamini C ya miligramu 1000 na vitamini E ya yuniti 400 kila siku. Wasiomeza chochote walipata faida ya mazoezi, miili yao ikapokea insulini vizuri zaidi. Waliomeza vidonge hawakuipata. Mtu anayeamka alfajiri kukimbia ili akwepe kisukari, akirudi anameza vidonge hivyo, huenda anajinyang'anya jasho lake mwenyewe.

Tatu, seli za saratani nazo zinasumbuliwa na radikali huru. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden waliwapa panya wenye uvimbe mchanga wa mapafu vitamini E na dawa iitwayo asetilisisteini. Uvimbe ukakua haraka na panya wakafa mapema. Ni panya, si watu, lakini inaingia akilini ukiweka pamoja na yaliyotokea Finland.

Wanyama wa maabara wanasemaje kuhusu dhana yenyewe ya Harman?

Wameitikisa vibaya. Huko San Antonio, Texas, Holly Van Remmen na Arlan Richardson waliwapunguzia panya nusu ya superoksidi dismutasi ya mitokondria, yaani karakana za nishati ndani ya seli. Panya hao walipata madhara zaidi kwenye DNA na saratani zaidi, lakini hawakuishi muda mfupi kuliko wenzao. Kundi hilo hilo lilipowaongezea panya wengine vimeng'enya vya ulinzi, umri haukuongezeka. Minyoo wadogo wa maabara wametoa majibu ya kushangaza zaidi: Siegfried Hekimi na wenzake wa Montreal walionyesha kwamba minyoo walioondolewa kimeng'enya hicho cha mitokondria waliishi muda mrefu zaidi, si mfupi.

Na yuko mnyama wa kwetu. Fuko asiye na manyoya huishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana ukubwa wa panya wa nyumbani, lakini panya huishi miaka mitatu au minne na fuko huyu hupita 30 maabarani. Kama Harman angekuwa sahihi kabisa, seli zake zingekuwa safi. Rochelle Buffenstein na wenzake walipopima, mwaka 2006, walikuta kinyume: hata fuko wachanga wana madhara mengi ya oksijeni kuliko panya. Anaishi nayo na hazeeki haraka. Inaelekea siri yake iko katika kutunza protini, kukarabati DNA na kuizuia saratani, si katika kuzima kila radikali.

Kwa haki, upo ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2005 panya waliowekewa jeni ya binadamu ya katalasi ndani ya mitokondria waliishi karibu asilimia 20 zaidi. Kwa hiyo madhara ya oksijeni mahali maalumu yana sehemu yake katika uzee. Lakini hiyo ni jeni iliyopandikizwa kabla ya kuzaliwa, ikafanya kazi pale hasa panapohitajika. Kidonge cha dukani hakifiki hapo.

Kuna utafiti uliofanyika kwetu?

Upo, na ni wa kujivunia. Kuanzia 1995 watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na Harvard chini ya Wafaie Fawzi, waliwafuata wajawazito zaidi ya elfu moja wenye VVU. Enzi hizo dawa za kupunguza makali hazikupatikana. Vidonge vyenye vitamini B, C na E vilipunguza kuharibika kwa mimba na vifo vya watoto tumboni kwa asilimia 39, na baadaye ikaonekana vilichelewesha ugonjwa kwa akina mama. Hapo hapo, kikundi kilichopewa vitamini A pamoja na beta karotini kiliambukiza watoto wao VVU zaidi. Nyumba moja, mradi mmoja, vitamini mbili, matokeo mawili yanayopingana.

Dawa za kupunguza makali zilipofika, watafiti walijaribu tena. Wagonjwa 3,418 walioanza dawa Dar es Salaam waligawanywa: nusu vitamini za dozi kubwa, nusu za dozi ya kawaida. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kusonga mbele, na jaribio likasimamishwa mapema, 2009, kwa sababu vipimo vya ini vilianza kupanda. Ukiwa unatumia ARV na mtu akakuuzia kopo la dozi kubwa "kuongeza kinga", kumbuka swali hilo limeshapimwa, tena kwa watu wa Dar es Salaam.

Basi matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki ni hatari?

La hasha. Tafadhali mpeleke mtoto. Matone yale hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa sababu upungufu wa vitamini A hupofusha na kuua, na nyongeza hiyo imeokoa maisha katika nchi nyingi. Ni kuziba pengo la lishe, kwa dozi iliyopimwa, mara mbili kwa mwaka. Hayahusiani na mtu mzima aliyeshiba anayemeza vitamini A kila siku ili asizeeke.

Linxian, China, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Watu wa eneo lile, katika miaka ya 1980, walikuwa na lishe duni na vitamini chache sana. Watu wazima 29,584 walishiriki jaribio, na waliopata beta karotini, vitamini E na seleniamu kwa pamoja, kwa dozi za wastani, walikufa kwa uchache wa asilimia 9. Penye upungufu, kujaza husaidia.

Kuna ugonjwa wowote ambao vidonge hivi vinasaidia?

Upo mmoja wenye ushahidi mzuri: kuharibika kwa kitovu cha retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kunakotokana na umri, ambako huondoa uwezo wa kusoma na kutambua sura. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2001 lilionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, beta karotini, zinki na shaba hupunguza kwa takriban robo uwezekano wa ugonjwa wa kati kufikia hatua mbaya. Mwaka 2013 beta karotini iliondolewa, kwa sababu ya wavutaji, ikawekwa luteini na zeaksanthini. Ni kwa watu waliopimwa na daktari wa macho na kukutwa na hatua hiyo. Hauzuii ugonjwa kuanza, hautibu mtoto wa jicho.

Vipi kuhusu manjano, chai ya kijani na resveratroli?

Taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani ina mpango wa kupima vitu kwa panya katika maabara tatu kwa wakati mmoja. Resveratroli, kemikali ya zabibu, dondoo la chai ya kijani na kurkumini ya manjano vyote vilipita humo, na hakuna kilichorefusha maisha. Rapamisini, dawa wanayopewa waliopandikizwa figo, ambayo si antioksidanti, ilifaulu mwaka 2009.

Manjano kwenye pilau ya kuku au mchuzi wa samaki endelea nayo. Vidonge vya manjano vilivyochanganywa na pilipili manga ili vifyonzwe zaidi vimewahi kuumiza maini ya watu. Chai ya kijani ya kunywa haina tatizo, lakini mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya 2018 kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi za kemikali yake kuu kwa siku hupandisha vipimo vya ini.

Na vitamini C ya kuzuia mafua?

Haizuii. Anayeimeza kila siku hupona mapema kidogo, kwa watu wazima kama asilimia 8 ya muda wa ugonjwa. Ukiianza baada ya kuugua, haionyeshi faida ya kutegemewa.

Glutathioni inang'arisha ngozi na kuondoa uzee?

Glutathioni ni antioksidanti ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Ukiimeza, sehemu kubwa huvunjwa tumboni. Ndiyo maana wauzaji wamehamia kwenye sindano na dripu, na hapo ndipo ninapopata uchungu, maana dada zetu wanachomwa mshipani kwenye saluni na vyumba vya nyuma, kitu kisichojulikana kimetoka wapi, bila daktari. Athari za mzio, figo na ini zimeripotiwa, mbali na maambukizi ya sindano. Kuhusu uzee, hakuna jaribio lililoonyesha inaongeza hata siku moja. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya jua, nayo ni melanini, na ndiyo kitu cha kwanza sindano hizi zinachokishambulia.

Nani hasa ajihadhari?

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: vitamini E ya dozi kubwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mjamzito: vitamini A aina ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku inaweza kumlemaza mtoto tumboni, kwa hiyo ameze tu anachopewa kliniki. Mwenye historia ya mawe kwenye figo: utafiti wa wanaume wa Sweden uliochapishwa 2013 ulikuta waliomeza vidonge vya vitamini C wakipata mawe karibu mara mbili ya wengine. Anayepewa dawa za saratani au mionzi amwambie daktari wake kila kidonge anachomeza, hata kile alicholetewa na shangazi.

Kisha kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, yetu ikiwemo. Dripu ya vitamini C ya dozi kubwa inaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtu huyu. Wengi wanao na hawajui. Anayekuwekea dripu hiyo bila kuuliza wala kupima hakutendei haki.

Mama mzazi ana miaka 72. Ndugu yangu wa Uingereza humtumia vikopo vya vitamini kila mara. Nimwambie aache?

Mwambie ndugu yako kwa upole, maana anachotuma ni upendo. Mweleze kwamba pesa ile ile ya vikopo na usafirishaji ingemfaa mama kwa njia zenye ushahidi: kupima presha na sukari mara kwa mara, dawa za presha zisizokatika, miwani, meno, samaki na maharage nyumbani. Wazee wengi hukosa protini huku wakimeza vitamini.

Mkakague vikopo pamoja. Vitamini D, B12 au madini ya chuma vikiwa vimeagizwa na daktari baada ya vipimo, hivyo ni tiba ya upungufu na viendelee. Multivitamini ya kawaida ya kiwango cha siku moja haina madhara makubwa, ingawa uchambuzi wa Wamarekani 390,124 uliochapishwa 2024 haukuona kwamba walioitumia waliishi zaidi. Cha kuondoa ni vikopo vya dozi kubwa vya vitamini A, E na beta karotini.

Tule nini basi?

Mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki, mnafu. Viazi lishe vya rangi ya chungwa. Mapera, ambayo yana vitamini C kuliko machungwa. Papai, embe, ubuyu, maharage, kunde, karanga. Sokoni vyote hivi kwa majuma kadhaa ni bei ya kopo moja. Mboga zisichemshwe mpaka zikabadilika rangi na maji yake yakamwagwa, kwa sababu vitamini C huenda nayo. Tia mafuta kidogo ili beta karotini ifyonzwe. Beta karotini ya chakula haijaonekana kumdhuru mtu, hata mvutaji.

Nimetumia kwa miaka mingi. Nikiacha ghafla nitadhurika?

Kwa kawaida hapana. Vitamini C, E, beta karotini na seleniamu hazina ulevi wa kuachishwa taratibu. Tofauti ni mgonjwa wa macho aliyetajwa hapo juu na yeyote aliyeandikiwa na daktari kwa upungufu uliopimwa. Hao wazungumze na daktari kwanza. Wale wanaume wa Finland walifuatwa kwa miaka mingi baada ya vidonge kusimamishwa, na ile ziada ya vifo kwa waliokuwa wamepewa beta karotini ilififia ndani ya miaka michache.